Rangi Ilikuja, Kivuli Hakikuondoka

Ndugu msomaji, fanya jaribio dogo. Ingia kibanda umiza chochote cha mtaani kwenu, umwombe mwenye kibanda aweke picha isiyo na rangi, halafu uanze kuhesabu. Hutafika kumi. "Oya, toa hiyo ya kizamani!" Na mwingine kule nyuma atauliza kama TV imeungua. Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, tena si mara moja, na wala siwalaumu wanaoyasema. Sisi tumezaliwa rangi imeshajaa kila mahali: kwenye simu, kwenye mabango, mpaka kwenye paketi ya sabuni ya unga. Aliyezoea pilau ukimpakulia wali mweupe lazima aulize nyumba hii imepatwa na nini.

Hata hivyo, hilo neno "kizamani" nataka tuligombanie kidogo. Maana tukikubali kwamba filamu nyeusi-na-nyeupe ni filamu ya kawaida iliyopungukiwa na rangi, tumekubali pia kwamba ni kazi ambayo haijamalizika, na yeyote mwenye mashine na pesa anaweza kuja kuimalizia. Usidhani natunga. Katika miaka ya 1980 watu wenye mashine na pesa walikuja kweli, wakaanza "kumalizia" kazi za wenzao, wengine wakiwa wameshakufa, na kesi ikafika hadi mahakama ya juu ya Ufaransa. Kwa sisi tunaojifunza kuandika, habari hiyo haiishii kwenye sinema. Ila ili tuielewe vizuri, hatuna budi kurudi mwanzo.

RANGI SI KITINDAMIMBA

Wengi hudhani sinema ilizaliwa haina rangi, ikakua, kisha ikavalishwa rangi kama mtoto anayevalishwa nguo ya Idi. Sivyo. Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao kwa watazamaji wa kulipia jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Haikupita miaka mingi, rangi ikawa imeshaingia. Georges Méliès alipotoa filamu yake ya safari ya mwezini, Le Voyage dans la Lune, mwaka 1902, kopi nyingine ziliuzwa zikiwa zimepakwa rangi kwa mkono. Kazi hiyo ilifanyika katika karakana ya mama mmoja wa Paris, Elisabeth Thuillier, ambako wanawake walikaa na brashi ndogo wakipaka kipicha kimoja baada ya kingine. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo wa vipicha 16 kwa sekunde, dakika moja ni vipicha 960. Kopi moja ya rangi ya filamu hiyo iliibuka Barcelona mwaka 1993, ikakarabatiwa kwa miaka, ikaonyeshwa tena kwenye tamasha la Cannes mwaka 2011.

Baadaye ikaja njia ya mkato. Kipande kizima cha mkanda kilichovywa kwenye dawa ya rangi: buluu kwa usiku, nyekundu kwa moto, manjano ya kahawia kwa chumba chenye taa. Watazamaji wa miaka ya 1910 na 1920 waliziona filamu za namna hiyo kwa wingi. Kwa hiyo anayesema "enzi zile walikuwa hawana rangi" anakosea. Walikuwa nayo. Lakini ile rangi ilikaa juu juu, kama kanga iliyotandikwa juu ya meza, na seremala alijulikana kwa ile meza yenyewe.

Meza yenyewe ni mwanga. Hebu fikiria tatizo la mpigapicha wa siku hizo. Kwenye mkanda usio na rangi, jani la kijani na shati jekundu vinaweza kutoka na kijivu kilekile. Steringi akivaa shati jekundu akasimama mbele ya mgomba, mgomba unammeza. Tena mkanda uliotumiwa sana mpaka miaka ya 1920 ulikuwa hauioni rangi nyekundu kabisa: midomo ilitoka myeusi kama imepakwa masizi, na anga la buluu lilitoka jeupe bila wingu. Kwa hiyo wapigapicha walilazimika kujifunza kumtenga mtu na ukuta kwa taa peke yake. Waliweka taa nyuma ya bega, wakaweka nyingine pembeni ya shavu, wakaacha sehemu nyingine gizani makusudi. Walipopata mkanda bora unaoona rangi zote, elimu hiyo walikuwa wameshaimeza.

Nitatoa mifano miwili. Mwaka 1941 Orson Welles, kijana wa miaka 25 wakati akiipiga, alitoa Citizen Kane akiwa na mpigapicha Gregg Toland. Humo kuna mwandishi wa habari anayezunguka kuwahoji watu ili ajue tajiri aliyekufa alikuwa mtu wa namna gani. Filamu nzima huyo mwandishi uso wake hauonekani sawasawa. Yuko kisogo, au yuko kivulini. Tunabaki kuwatazama anaowauliza. Hakuna mtu anayesimama kutuambia "huyu si muhimu"; giza limeshasema.

Mfano wa pili unatoka Bengal, India. Satyajit Ray alipotengeneza Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955, hakuwa na pesa, na mpigapicha wake, Subrata Mitra, hakuwa amewahi kushika kamera ya sinema. Katika filamu iliyofuata, Aparajito ya 1956, ilibidi wajenge ua wa nyumba ya Banaras ndani ya studio. Taa za studio zilitoa vivuli vikali ambavyo ua wa kweli hauna. Mitra akatanda kitambaa cheupe juu ya ua ule wa bandia, akazielekeza taa kwenye kitambaa ili mwanga urudi chini umepoa, kama mwanga wa anga. Ukiitazama leo huwezi kujua kwamba pale hapakuwa na jua. Huo ndio ufundi ninaouzungumzia. Ulitoka kwa watu waliokosa kitu kimoja wakalazimika kukijua kingine mpaka mwisho.

RANGI YA BEI MBAYA

Rangi ya kupigwa moja kwa moja na kamera iliwasumbua watu muda mrefu. Kampuni ya Technicolor ilianzishwa Marekani mwaka 1915, lakini rangi kamili ilipatikana mwaka 1932, katika filamu fupi ya katuni ya Walt Disney, Flowers and Trees. Filamu ndefu ya kwanza kwa mtambo huo ilikuwa Becky Sharp ya mwaka 1935. Kamera yake ilikuwa dude zito linalopitisha mikanda mitatu kwa pamoja, na ilihitaji taa nyingi kiasi kwamba waigizaji walichemka ndani ya mavazi yao. Tena huiuziwi. Kampuni ilikodisha kamera, ikaleta mafundi wake, na juu yake mshauri wa rangi wa kukuambia pazia liwe la rangi gani.

Kwa bei hiyo, rangi ikawa nguo ya sherehe. Ilipewa nyimbo, ngano, historia za wafalme. Katika The Wizard of Oz ya mwaka 1939, kijijini Kansas maisha yana rangi moja ya udongo. Msichana akifungua mlango wa nchi ya ndoto ndipo rangi zote zinamwagika. Maisha ya kweli yalikuwa hayana rangi, ndoto ndiyo iliyokuwa nayo! Picha za polisi, za mashaka, za ndoa zinazovunjika ziliendelea kuwa nyeusi-na-nyeupe, na hakuna aliyelalamika. Waliotoa tuzo za Oscar nao waliona kwamba hizo ni kazi mbili tofauti: tangu filamu za mwaka 1939 hadi za 1966, karibu miaka yote, wapigapicha walipewa tuzo mbili, moja ya rangi na moja ya nyeusi-na-nyeupe.

Kilichoiua nyeusi-na-nyeupe ni biashara. Mwaka 1950 kampuni ya Eastman Kodak ilileta mkanda mmoja tu wa rangi unaoingia katika kamera ya kawaida, bei ikashuka. Kisha televisheni za Marekani zikahamia kwenye rangi. Ilipofika 1966 vipindi vya jioni vya vituo vikubwa vitatu vilikuwa vya rangi. Studio zikapiga hesabu: filamu isiyo na rangi itakuja kuuzwa kwa bei ya chini kwenye TV. Mwisho wa miaka ya 1960 mwongozaji wa Hollywood aliyetaka kupiga bila rangi ilimbidi aombe kama anayeomba ruhusa ya harusi.

Kwetu historia hii ilipita njia yake. Mwambao wa Afrika Mashariki miaka ya 1950 ulimjua na kumpenda Raj Kapoor wa Awaara, filamu ya mwaka 1951, na picha hilo la Kihindi halikuwa na hata chembe ya rangi. Televisheni ilikuwa hadithi nyingine. Kenya ilianza nayo mwaka 1962 bila rangi. Zanzibar ilipofungua yake mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliingia moja kwa moja kwenye rangi, kabla ya wengine kusini mwa Sahara, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo Mzanzibari wa mwaka 1975 angeweza kutazama rangi nyumbani, halafu akaenda sinema akalizwa na picha lisilo na rangi. Vitu viwili viliishi pamoja, na hakuna aliyeona ajabu.

RANGI YA NANI?

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulijua. Rangi ya mkanda haikuja kama maji ya mvua yanayomnyeshea kila mtu sawasawa. Tangu miaka ya 1950 maabara za Marekani zilipima rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi yetu ikitoka kama mkaa wenye macho na meno, basi hiyo ni shida yetu. Malalamiko yalichukua miongo kusikilizwa; mikanda na kadi zilizofikiria ngozi nyeusi zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Sasa chukua filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal, La Noire de... ya mwaka 1966. Sembène alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa vitabu, kisha akashika kamera, na filamu hiyo aliitoa katika hadithi fupi yake mwenyewe. Ni habari ya Diouana, msichana wa Dakar anayepelekwa Antibes, Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto, kumbe amekwenda kupika, kufua na kufungiwa ndani. Nyumba ya mabwana zake ina kuta nyeupe, na kwenye ukuta mtupu wametundika kinyago alichowaletea yeye kama zawadi.

Tuliitazama katika kikundi chetu cha waandishi, kwenye kompyuta ya mpakato ya mwenzetu. Dakika tano za mwanzo watu walikuwa wakiguna. Kufika katikati kimya. Dada mmoja akasema polepole, "Angalieni kuta, zinazidi kuwa nyeupe." Kuta hazikuwa zimebadilika. Kilichotokea ni kwamba hapakuwa na kitu kingine cha kutazama: hakuna buluu ya bahari ya kitalii wala maua ya barazani. Kuna uso wake, kinyago chake, na weupe uliowazunguka. Mwisho wake sikwambii, katazame.

Sembène hakuwa adui wa rangi. Filamu yake ndefu iliyofuata, Mandabi ya 1968, ina rangi, na inang'aa. Alikuwa na kalamu mbili, akajua ipi ya kuandikia nini.

VITA VYA MIAKA YA 1980

Sasa tufike kwenye kesi niliyoiahidi. Mwaka 1986 tajiri wa televisheni wa Marekani, Ted Turner, aliinunua studio ya MGM. Sehemu kubwa aliiuza upesi, lakini hazina ya filamu za zamani, zaidi ya 3,000, akabaki nayo. Wakati huohuo kulikuwa na kompyuta zinazoweza kutia rangi katika filamu za zamani: fundi anachagua rangi kwenye kipicha kimoja, mashine inazifuatisha kwenye vipicha vinavyofuata mpaka tukio libadilike. Turner akaona pesa. Filamu isiyo na rangi ilikuwa haiuziki TV. Ikitiwa rangi inauzika upya. Zaidi ya hayo alikuwa na hoja ambayo tusiidharau: vijana hawatazami picha zisizo na rangi, kwa hiyo bora wazitazame zikiwa zimepakwa kuliko zife stoo.

Moja ya filamu za mwanzo kupakwa ilikuwa The Maltese Falcon ya 1941, filamu ya kwanza John Huston kuiongoza. Huston alikuwa mzee, mapafu yakimsumbua, lakini alijitokeza hadharani kupinga. Hakusikilizwa, kwa sababu kwa sheria ya Marekani mwenye filamu ni studio, na studio imeshanunuliwa. Nimeyaona baadhi ya matokeo ya kazi hizo. Nyuso zote zina rangi moja kama zimechangia kopo moja la poda, na kile kivuli ambacho mpigapicha alikiweka makusudi kimegeuka uchafu wa kahawia.

Kelele zikawa kubwa. Mwaka 1987 Woody Allen na wenzake walikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Mwaka 1988 George Lucas naye akaenda kutetea kazi za sanaa zisiharibiwe. Yeye huyohuyo ambaye mwaka 1997 alizirudia filamu zake za Star Wars akazibadilisha, mpaka wapenzi wake wakaja juu. (Tofauti ni kwamba zilikuwa zake, lakini utamu wa kisa haupungui.) Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuhifadhi filamu mwaka 1988: ianzishwe orodha ya taifa ya filamu za kuenziwa, na filamu ya orodha hiyo ikibadilishwa, mtazamaji aambiwe. Mwaka 1989 filamu 25 za kwanza zikaingia, zikiwamo Citizen Kane, Casablanca na The Maltese Falcon. Kuambiwa tu. Kupaka hakukukatazwa.

Hapo nataka waandishi wenzangu wasogee karibu. Mapema mwaka 1989 watu wa Turner walitangaza kwamba wanataka kujaribu kutia rangi Citizen Kane. Welles alikuwa ameshakufa tangu 1985. Ungesema basi, imekwisha. Lakini walipoupekua mkataba aliousaini na studio ya RKO mwaka 1939 wakakuta vifungu vilivyompa mamlaka makubwa mno juu ya filamu yake. Wakaacha. Yaani karatasi aliyoitia saini kijana wa miaka 24 ilimlinda miaka 50 baadaye, akiwa kaburini. Huston hakuwa na karatasi kama hiyo.

Lakini Huston alikuwa na Ufaransa. Turner alikuwa ametia rangi filamu nyingine yake, The Asphalt Jungle ya 1950, na mwaka 1988 kituo cha televisheni cha La Cinq kikataka kuirusha. Huston alikuwa amefariki Agosti 1987. Watoto wake wakashtaki Paris, na pamoja nao alikuwamo Ben Maddow, aliyeandika muswada wa filamu ile akishirikiana na Huston. Nisisitize hapo: mlalamikaji mmoja alikuwa mwandishi. Sheria ya Ufaransa inatenganisha haki mbili. Haki ya pesa unaweza kuiuza. Haki ya kimaadili, yaani kazi yako itambulike ni yako na isiharibiwe, hiyo haiuziki.

Mahakama ya kwanza iliwapa ushindi. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikaugeuza: filamu ni ya Kimarekani, ifuate sheria ya Marekani. Tarehe 28 Mei 1991 mahakama ya juu ikaigeuza rufaa hiyo nayo: ndani ya Ufaransa mtunzi analindwa na haki ya kimaadili, awe ametoka wapi na filamu imetengenezwa wapi. Kesi ikarudishwa Versailles, na Desemba 1994 hukumu ya mwisho ikawa upande wa familia ya Huston na Maddow. Kufikia hapo La Cinq yenyewe ilikuwa imeshafungwa, mwaka 1992, na mwaka huohuo Ben Maddow alikuwa amefariki.

Wimbi lenyewe lilipungua katikati ya miaka ya 1990. Kupaka kulikuwa ghali, na watazamaji waliokuja kuona maajabu mara ya kwanza hawakurudi mara ya pili.

NA KAMA MTUNZI ALIITAKA RANGI?

Sitaki kujirahisishia kazi, kwa hiyo nataja kisa kinachonisumbua. Mughal-e-Azam ya K. Asif ilichukua miaka mingi kutengenezwa na ikatoka mwaka 1960. Ilianza bila rangi, lakini ilipokaribia kwisha rangi ilikuwa imefika India, na Asif akapiga kwa rangi wimbo wa ukumbi wa vioo na sehemu ya mwisho. Matokeo yalimpendeza mpaka akataka kuirudia filamu nzima kwa rangi. Wenye pesa wakakataa, uvumilivu umewaishia. Asif alifariki mwaka 1971. Mwaka 2004 filamu yote ikatiwa rangi kwa kompyuta, ikarudi kwenye majumba ya sinema, watu wakajaa.

Huyu mtunzi alitaka. Nani wa kulalamika? Mimi nimezitazama zote mbili, na nakiri ile ya 2004 imefanywa kwa heshima kuliko zile za Turner. Lakini katika ile ya 1960 unakaa na vivuli vya ikulu muda mrefu, halafu Anarkali, mcheza ngoma asiye na cheo, anaamua kumtangazia mfalme mapenzi yake kwa mwanamfalme bila woga, na hapo ndipo rangi inapolipuka, na vioo vya dari vinamrudisha yeye mara elfu. Rangi inafika pamoja na ujasiri wake. Katika ile ya 2004 rangi imekuwapo tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo pale haiji na kitu. Umaskini wa wafadhili ulimpa Asif jambo ambalo utajiri ulikuja kulifuta. Nadhani ndiyo maana Steven Spielberg, mwaka 1993, akiwa na pesa zote za dunia, alipiga Schindler's List bila rangi na kumwachia mtoto mmoja koti jekundu.

Na hata kudumu kwenyewe kuna kichekesho chake. Ile rangi ya mkanda ya miaka ya 1950 na kuendelea ilikuwa dawa inayofifia. Kopi nyingi zimegeuka waridi tupu, kama shati lililofuliwa na kanga mpya. Picha isiyo na rangi ni chembe za fedha, nazo zikitunzwa hudumu. Sisemi zote zimesalimika, kwani mikanda ya zamani iliungua na kuoza kwa wingi. Lakini mwaka 1980 Martin Scorsese alikuwa akiongoza kampeni dhidi ya rangi zinazofifia, na mwaka huohuo akatoa filamu yake ya ndondi, Raging Bull, bila rangi. Mwaka 2018 Alfonso Cuarón wa Mexico aliikumbuka nyumba ya utoto wake katika Roma, bila rangi, akashinda Oscar ya upigaji picha. Siku hizi asiye na rangi ameamua, hakukosa.

Basi na sisi tuamue. Najua sasa kila simu ina kitufe cha kuondoa rangi, na vijana wengi wanakibonyeza ili picha ionekane "ya kisanii". Kitufe hakijui mgomba ulimmeza nani. Ukiondoa rangi, uwe unajua umeweka nini mahali pake. Na kwenye maandishi ni vilevile: ukikata sifa zote kwenye sentensi yako, kilichobaki kiwe na uzito wa kusimama.

La pili ni la karatasi. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Kifungu chake cha 6 bis kinampa mtunzi haki ileile waliyoipigania Maddow na watoto wa Huston: hata ukishauza haki ya pesa, unaweza kupinga kazi yako isipotoshwe kwa namna inayokuharibia heshima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inaitambua haki hiyo. Tatizo letu ni kwamba tunasaini kwanza, tunasoma baadaye, au hatusomi kabisa kwa kuwa kuna bahasha mezani. Mtu anachukua muswada wako wa mchezo, anabadili mwisho, anamuua uliyemwacha hai, jina lako linabaki palepale juu.

Kwa hiyo siku utakapoletewa mkataba wako wa kwanza, hata kama ni wa hadithi ya kurasa sita, omba siku moja uende nao nyumbani. Usome neno kwa neno. Tafuta mahali panaposema nani anaruhusiwa kubadilisha, na kama hapasemi, chukua kalamu uandike pasemee. Welles alikuwa na miaka 24.